Maji Kwenye Tangi la Kobe

Kila asubuhi, kabla majirani hawajafungua madirisha, Mama alikuwa tayari uani akilizunguka lori. Alilizunguka polepole, kama daktari anavyozunguka kitanda cha mgonjwa. Kwanza aliinama kuona kama kuna mafuta yaliyodondoka chini. Kisha akagonga matairi kwa nyundo ndogo, akisikiliza mlio. Akapima oili, akaongeza maji kwenye rejeta, halafu akafungua kufuli la kifuniko cha tangi na kutumbukiza kijiti kirefu ndani ya dizeli, maana geji ya mafuta ilikuwa imekufa siku nyingi na hakuna aliyeililia.

Nyuma yake alifuata binti yake wa miaka kumi na miwili, kitambaa mkononi na mdomo haupumziki. Kwa ajili ya mdomo huo, mtaa mzima ulimwita Chiriku.

"Mama, kwa nini oili inakuwa nyeusi?"

"Kwa sababu inafanya kazi."

"Basi na maji ya rejeta mbona hayawi meusi? Yenyewe mavivu?"

"Chiriku, nipe kitambaa."

Lori lenyewe liliitwa Kobe. Lilikuwa la babu, baba yake Mama, na lilikuwa kuukuu kweli. Rangi yake ya kijani ilibabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Mlimani lilipanda taratibu mno, hata wenye baiskeli walilipita na kulipungia mkono. Lakini lilikuwa halijawahi kumwacha Mama njiani. Watu walipolicheka, Mama alijibu, "Mwenda pole hajikwai," akaweka gia na kwenda zake.

Baba yake Chiriku alikuwa mwalimu katika shule ya mbali, alirudi nyumbani wakati wa likizo ndefu tu. Kwa hiyo kazi ya lori ilikuwa ya watu wawili: Mama alikuwa dereva, na Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa utingo. Mjomba ndiye aliyepanga mizigo, akafunga turubai na kuweka kigingi nyuma ya tairi kila waliposimama kwenye mteremko. Shule zikifungwa, Chiriku naye alipanda.

Chiriku alimpenda Mjomba kupita kiasi. Mjomba alimfundisha kufunga fundo lisilofunguka hata kamba ikilowa. Alimfumba macho kwa kiganja na kumwambia, "Sikiliza. Sasa Kobe yuko gia ya ngapi?" Akipatia, Mjomba alipiga paa la kibanda cha dereva kwa furaha kana kwamba timu yake imefunga bao. Na Mjomba ndiye mtu pekee aliyejibu maswali yake yote. Yale asiyoyajua aliyatungia majibu, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyonoga zaidi.

Wiki chache nyuma, Chiriku alitoka nje jioni na kumkuta Mjomba amechuchumaa kando ya tangi. Mpira mwembamba ulikuwa umeingia tangini, na ncha yake ya pili ilikuwa ndani ya dumu. Mjomba alishtuka, kisha akacheka.

"Natoa uchafu uliotuama chini," alisema. "Lakini usimwambie mama yako. Akisikia Kobe ana uchafu tumboni atakosa usingizi bure. Hii ni siri yangu na yako. Sawa, mpwa wangu?"

"Sawa, Mjomba."

Wakagonganisha viganja. Chiriku aliingia ndani akitembea kifua mbele. Si kila mtoto anapewa siri na mtu mzima. Siri ile aliitunza, yeye ambaye hakuwahi kutunza kitu kinywani zaidi ya uji.

Siku moja ya likizo, kikundi cha akina mama wanaolima nyanya bondeni kilimkodi Kobe. Nyanya zao zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja, na wanunuzi wa soko kubwa la mjini walikuwa wakizisubiri asubuhi ya siku iliyofuata. Wanunuzi hao hawakuwa na subira: jua likishapanda, hununua kwa aliyefika, na aliyechelewa hubaki na mzigo wake.

Mchana ule, kabla ya kupakia, Mjomba alimwita Chiriku.

"Leo Kobe anakwenda mjini, hatuwezi kumpeleka mchafu. Chukua mpira wa maji umwoshe. Huku kwenye tangi usione huruma, pana matope yaliyoganda."

Chiriku aliosha huku akiimba. Maji yaliruka, matope yakashuka, na wapita njia wakasimama kumtazama mtoto aliyekuwa anajiosha yeye zaidi ya gari. Jioni matenga ya nyanya yaliletwa na kupangwa mpaka juu, turubai likafungwa, na Kobe akaachwa uani kulala. Mjomba alijifunika blanketi ndani ya kibanda cha dereva kulinda mzigo, kama ilivyokuwa desturi yake.

Asubuhi Mama alizunguka lori kama siku zote. Kijiti cha tangi kilitoka kimelowa hadi pale pale kilipofika jana. Akina mama wa nyanya walikuwa wameshafika, wamevaa nguo zao safi za mjini. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwahimiza wenzake wapande.

Mama akawasha. Kobe aliwaka, akatetemeka, akakohoa moshi mweupe, akazimika.

Mama akawasha tena. Injini ilizunguka rr-rr-rr, lakini haikushika. Akajaribu mara nyingine. Rr-rr-rr. Kimya.

"Leo Kobe kaingia kwenye gamba," Mjomba alisema, lakini hakuna aliyecheka.

Mama hakupiga usukani wala hakutukana. Alishuka, akakunja mikono ya shati lake. "Gari likigoma usigombane nalo," alimwambia Chiriku, aliyekuwa amesimama tayari na kitambaa chake. "Liulize swali moja, lipe nafasi lijibu, kisha uliulize jingine. Washa taa."

Chiriku akapanda na kuwasha. Taa zikang'aa vizuri.

"Betri ina moto," Mama alisema. "Je, stata inazungusha?"

"Inazungusha. Tumeisikia."

"Basi ugonjwa hauko huko. Injini ya dizeli inataka vitu viwili tu ili iwake: hewa na mafuta."

Walifungua kisanduku cha chujio la hewa. Chujio lilikuwa na vumbi la kawaida, hakuna panya aliyejenga humo wala tambara lililoziba. Ikabaki dizeli. Mama alilegeza skrubu ndogo juu ya chujio la mafuta, akaanza kubonyeza pampu ya mkono. Yakatoka matone. Aliyakinga kwa kiganja, akayasugua kwa kidole gumba. Uso wake ukabadilika.

"Mbona haitelezi?"

Chini ya chujio kulikuwa na kikombe cha kioo. Mama alikifuta kwa kitambaa cha Chiriku, na wote wakainama kutazama. Juu palikuwa na utando mwembamba wa dizeli ya rangi ya dhahabu. Chini yake, kikombe chote kilijaa kitu cheupe kama machozi.

"Maji," Mama alisema kwa sauti ndogo. "Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Na bomba la kupeleka mafuta kwenye injini linafyonza kutoka chini ya tangi. Asubuhi hii tumemnywesha Kobe maji."

Mwenyekiti aliinuka kwenye ndoo yake. "Maji? Mama Chiriku, jua hilo linapanda! Nyanya hazina akili ya kusubiri!"

"Naliona jua, Mwenyekiti." Mama alinyooka, akatazama huku na huku. "Maji yameingiaje kwenye tangi langu?"

Kisha Mjomba alikohoa.

"Dada, sikutaka kusema mbele za watu," alianza, akikuna shingo. "Lakini jana mtoto aliosha gari. Mimi nilimwona ameelekeza mpira kwenye tangi muda mrefu. Na ile raba ya kifuniko, unajua mwenyewe, imezeeka."

Macho yote yakamgeukia Chiriku. Chiriku hakuogopa bado. Alimtazama Mjomba na kungoja amalizie. Alijua sentensi inayofuata: *lakini mimi ndiye niliyemtuma, kosa ni langu.* Aliingoja sentensi hiyo kwa imani, kama mtu anayengoja chenji dukani kwa muuzaji anayemfahamu.

Mjomba hakumalizia. Alitazama viatu vyake.

"Chiriku!" Sauti ya Mama ilikuwa kali. "Nani alikutuma kumwagia maji tangi?"

"Mjomba ndiye..."

"Mimi?" Mjomba alisema kwa upole, upole uliouma kuliko kofi. "Mimi nilisema ufute vumbi, mpwa wangu. Sikusema uogeshe tangi."

Mmoja wa akina mama akasonya. Mwingine akasema, "Mtoto akipewa uhuru mwingi, matokeo yake ndiyo haya." Chiriku alifungua mdomo. Yule mtoto aliyekuwa na neno kwa kila jambo alitafuta neno moja tu, akalikosa.

"Nenda ndani," Mama alisema. "Leo sitaki kukuona karibu na gari hili."

Chiriku aliweka kitambaa juu ya ngazi ya lori, akaenda. Jikoni alikaa sakafuni chini ya dirisha, akaegemeza mgongo kwenye gunia la mkaa. Hakulia mara moja. Alikuwa akijaribu kufikiri kwamba amesikia vibaya. Labda Mjomba amesahau. Mtu mzima anaweza kusahau. Lakini masikio yake yalikumbuka vizuri: *huku kwenye tangi usione huruma.* Na akili yake ikaanza kufanya kile Mama alichomfundisha, ikauliza swali moja moja. Je, Mjomba aliwahi kunituma kuosha lori kabla ya jana? Hapana, siku zote aliosha mwenyewe. Kwa nini jana? Kwa nini tangi? Kwa nini alinituma mchana, mahali ambapo jirani angeniona mimi nimeshika mpira?

Jibu lilipomjia, lilimjia kama maji ya baridi mgongoni. Mjomba hakusahau. Mjomba alijua tangu jana kwamba leo atatafutwa mtu wa kulaumiwa, na katika dunia nzima alimchagua yeye.

Hapo ndipo alipolia.

Nje alisikia mluzi. Fundi aliyeitwa na Mama alikuwa amefika. Jina lake hasa watu walilisahau, walimwita Fundi Mluzi kwa sababu hakuweza kufungua hata nati moja bila kupiga mluzi. Chiriku alisimama, akachungulia dirishani. Fundi alilala chali chini ya Kobe, akaweka ndoo, akafungua nati iliyo chini ya tangi. Mluzi ulikuwa wa furaha. Ndoo ilijaa, wakaleta nyingine. Nayo ikajaa. Walipoleta ya tatu, mluzi ulikoma.

Fundi alitambaa kutoka chini ya lori, mikono inadondoka. "Mama Chiriku, hebu niambie. Huyo mtoto alitumia mpira wa maji au alielekeza mto mzima humu?"

"Unasema nini, Fundi?"

"Nasema haya maji ni mengi. Maji ya kuoshea gari, yakipenya kwenye raba, yataingia matone. Kijiko. Kikombe, tukimwonea mtoto. Hizi ni ndoo, na bado yanatoka."

"Raba ni mbovu," Mjomba alisema haraka. "Imepasuka. Fundi, wewe tengeneza tu, muda unakwenda."

"Mbovu, nzima, hatubishani. Tunapima." Fundi alifuta shingo ya tangi kwa kitambaa kikavu mpaka ndani, akafunga kifuniko, akamimina juu yake ndoo ya maji, taratibu, akizungusha pande zote. Akamimina nyingine. Kisha akafuta kifuniko kwa nje, akafungua, akaingiza kidole chake ndani ya shingo ya tangi na kukionyesha juu, watu wote wakione.

Kikavu.

"Raba imezeeka kama mimi," Fundi alisema, "lakini kama mimi, kazi bado inafanya. Maji haya hayakupenya. Yamemiminwa na mtu aliyefungua kufuli. Funguo anazo nani?"

Mama alishika kamba shingoni mwake. "Mimi ninao mmoja. Wa pili..." Polepole akageuza kichwa kumtazama mdogo wake.

Dirishani, Chiriku alikuwa akisikiliza. Alikumbuka dumu. Alikumbuka mpira mwembamba. Siri aliyoibeba kifua mbele sasa ilimwelemea. Aliahidi. Na tangu utotoni aliambiwa kwamba ahadi ni deni. Lakini uani Mjomba alikuwa ameanza kucheka kile kicheko chake, akisema, "Dada, sasa unanitazama mimi? Damu yako?" Na Chiriku aliona kwamba Mama alikuwa anataka sana kuamini kicheko kile, kama yeye mwenyewe alivyokiamini jioni ile.

Alifungua mlango wa jikoni, akatoka. Alikuwa amekatazwa, lakini alitoka.

"Mama, nimekatazwa kukaribia gari. Nitasemea hapa."

"Chiriku, sasa si wakati..."

"Nilimwona Mjomba anatoa dizeli kwenye tangi kwa mpira. Anaingiza kwenye dumu. Si jana, ni siku nyingine. Aliniambia ni uchafu, na akaniambia nisikwambie. Mimi nikanyamaza. Na jana ni yeye aliyenituma nioshe, akaniambia tangi nisilionee huruma." Alimtazama Mama usoni. "Sikuongeza neno, Mama. Na sikupunguza."

"Mtoto huyu kwa maneno..." Mjomba alianza.

"Nyamaza," Mama alisema. "Wewe umeshasema vya kutosha leo. Yeye ndiye hakupewa nafasi."

Mjomba alitazama ndoo. Akamtazama Fundi, ambaye hakupiga mluzi. Akawatazama akina mama wa nyanya, walioacha kujipepea na kumkodolea macho. Jasho lilimtoka kama aliyekimbia. Mwisho macho yake yakafika kwa Chiriku, na hapo kicheko kilimwisha kabisa.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa natoa kidogo kidogo, namuuzia mwenye mashine ya kusaga. Nilitaka simu kama ya wenzangu, nikainunua. Jana usiku nilitoa nyingi, nikaogopa kijiti chako kitaonyesha. Nikajaza maji mpaka pale pale. Nilidhani itawaka tu, Dada. Nilidhani yatachanganyika. Na kama yangegundulika, nilitaka yaonekane ni maji ya kuoshea gari."

"Maji na dizeli yachanganyike?" Fundi alinong'ona. "Miaka yote hii juu ya lori!"

Mama alikaa juu ya kigingi cha tairi.

"Lori la baba yetu," alisema hatimaye. "Tumelelewa nalo, mimi na wewe. Ungekuja ukaniambia, 'Dada, nataka simu,' ningekwambia subiri, na ungenuna, na ungeipata. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hata dizeli ningeweza kuimeza. Mtoto je? Ulimtafutia mtoto lawama mchana kweupe, kabla hata hujaiba?"

Akina mama walianza kusema wote kwa pamoja, wengine wakitaka aitwe balozi wa nyumba kumi, wengine wakitaka avuliwe viatu akimbizwe. Mwenyekiti akainua mkono wake mnene.

"Uchungu hauozi, nyanya zinaoza," alisema. "Kwanza tufike sokoni. Huyu tutamrudia."

Basi kazi ikaanza. Akina mama walilowesha magunia na kuyafunika matenga yaliyopigwa na jua. Mama alinyoosha mkono, Mjomba akaweka ufunguo wa tangi kwenye kiganja chake bila kuambiwa. "Sasa chukua madumu," Mama alimwambia, "nenda kituo cha mafuta kwa miguu, na dizeli uilipie mwenyewe." Alikwenda. Aliporudi, jasho jingi na madumu mawili mikononi, ile simu hakuwa nayo tena, na hakuna aliyemuuliza.

Fundi alisuuza tangi kwa dizeli kidogo, akaimwaga, akafunga nati ya chini, akabadilisha chujio. "Bado kuna upepo kwenye mabomba ya mafuta," alisema. "Injini haili upepo. Nani atapiga pampu?"

Mama alichukua kitambaa kilichokuwa juu ya ngazi ya lori, akampa Chiriku. "Huyu hapa."

Chiriku alibonyeza pampu ya mkono. Kwenye skrubu yalitoka mapovu, mapovu, maji kidogo, mapovu tena. Kidole gumba kiliuma, akabadilisha mkono. Kisha dizeli safi ikatiririka moja kwa moja kama uzi. "Funga!" Fundi alisema. Mama akapanda, akawasha. Rr-rr-rr. Rr-rr-rr. Kobe akakohoa, akatoa wingu la moshi mweupe lililomfanya Mwenyekiti apige chafya, kisha akanguruma.

Akina mama walipiga vigelegele. Chiriku alitabasamu, akageuka kwa mazoea kumtafuta Mjomba apige paa. Mjomba alikuwa amesimama kando, mikono imening'inia. Tabasamu la Chiriku likazimika.

Mjomba alisogea. "Mpwa wangu, nisamehe."

Chiriku alitazama fundo la kamba kwenye turubai.

"Usimdai jibu leo," Mama alisema kutoka dirisha la lori. "Ulichukua muda kuharibu imani yake, naye apewe muda. Panda nyuma. Ukifika sokoni utashusha matenga na kuwaeleza wanunuzi kwa mdomo wako mwenyewe kwa nini tumechelewa."

Hawakuwahi. Wanunuzi wakubwa walikuwa wameshaondoka, na nyanya za juu zilikuwa zimelegea. Wachuuzi wadogo walinunua zilizobaki kwa bei isiyofurahisha. Mjomba alisimama mbele ya akina mama na wachuuzi hao na kueleza kila kitu, bila kuruka jambo. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba msimu mzima ujao atafanya kazi bondeni, kumwagilia na kuvuna, hadi hasara yao irudi. Mjomba alikubali.

Jioni, wakati wa kurudi, Chiriku alikaa mbele karibu na Mama. Kwa mara ya kwanza Kobe alikwenda nusu ya safari bila kusikia swali hata moja.

"Binti yangu," Mama alisema, "leo asubuhi nililipima gari kifaa kimoja kimoja. Betri, stata, hewa, mafuta. Sikuruka hata kimoja. Lakini wewe sikukupima. Nilisikia neno moja tu nikakuhukumu, tena mbele za watu. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Chiriku alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kusikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. "Nimekusamehe, Mama. Na mimi nilificha. Ningesema ile siku ya kwanza..."

"Ungesema ile siku ya kwanza, nyanya za watu zingefika, na mjomba wako angekuwa mwizi wa dumu moja tu. Kumfichia mtu kosa si kumsaidia, ni kumpa nafasi ya kufanya jingine kubwa zaidi. Ahadi ni deni, ndiyo. Lakini mkubwa akikuomba umfiche mama yako au baba yako jambo, hiyo si ahadi, huo ni mtego. Uje uniambie, hata kama mwenye siri ni mtu unayempenda. Hasa akiwa ni mtu unayempenda."

Barabara ilipanda, Mama akapunguza gia. Nyuma, juu ya matenga matupu, Mjomba alikuwa amejikunyata peke yake.

"Mama."

"Ndiyo."

"Bado nampenda. Ni vibaya?"

Mama alifikiri mpaka mlima ulipoisha.

"Si vibaya. Hata mimi nampenda, ni mdogo wangu. Kupenda hakuhitaji sababu, mwanangu. Kuamini ndiko kunakohitaji. Sababu ya kwanza uliyokuwa nayo ameivunja kwa mkono wake, na atakayejenga nyingine ni yeye, si wewe. Wewe sema kweli tu, na usubiri uone."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Waliposimama mbele ya nyumba, palikuwa na mteremko. Mjomba aliruka chini, akaweka kigingi nyuma ya tairi, akakaa pale pale amekishikilia mpaka Mama na Chiriku waliposhuka salama.